Kuku wa Kalori Mia na Themanini

Ozella Pinckney alikuwa na mkono wazi, na aliujivunia mkono huo kuliko kitu kingine chochote alichopewa na Mungu. Miaka ishirini na sita alisimama jikoni kwenye mgahawa wa Kwa Shangazi Tilda, kule Bronx, New York, akikaanga kuku, na hakuna mteja aliyetoka pale na kile alicholipia tu. Uliagiza vipaja viwili, ukifungua boksi nyumbani unakuta na bawa limejificha chini ya viazi. Mameneja sita walipita, na wote sita walijaribu kumkomesha. Waliondoka wao, yeye akabaki.

Tabia hiyo aliirithi kwa mama yake huko South Carolina, walikokuwa wakilima pamba kwenye shamba la mzungu kwa kugawana mavuno. Kila Jumamosi walikwenda kwenye duka la mwenye shamba kupimiwa chakula cha wiki. Unga ulipimwa kwa mizani, mafuta ya nguruwe kwa mizani, na asali ya miwa ilipimwa kwa kikombe kilichobonyezwa makusudi. Mama yao alirudi na furushi, akalitua mezani, akasema, "Anayekupimia hakupendi." Chakula kikiiva alikipakua kwa jicho tu, bila kuhesabu, hata siku ambazo yeye mwenyewe aliishia kula ukoko. Watoto walikuwa wanane. Kufikia mwaka huu wa habari yetu walikuwa wamebaki wawili, Ozella, ambaye hakuolewa, na kaka yake Leotis.

Basi mwaka 2008 jiji likatoa amri. Kila mgahawa wenye matawi kumi na tano au zaidi uandike ukutani kalori za kila chakula, kando ya bei, kwa maandishi ya ukubwa ule ule wa bei. Kwa Shangazi Tilda walikuwa na matawi ishirini na mawili. Asubuhi moja ya mwezi wa tano mafundi wakashusha bao la zamani la bei na kupandisha jipya, na meneja Yesenia, binti wa Kidominika asiyefika hata miaka thelathini, akaita kuelekea jikoni.

"Mama Ozella, njoo uone."

"Nione nini? Nina kuku kwenye mafuta."

"Njoo tu, jamani."

Ozella akatoka akijifuta mikono. Akatazama juu. Ndoo ya vipande kumi na viwili ilikuwa imeandikwa 3,240.

"Hiyo ndiyo bei?"

"Bei hii hapa. Hizo ni kalori. Nguvu iliyomo ndani ya chakula. Wanasema mtu mzima zinamtosha elfu mbili kwa siku."

"Mtu mzima gani? Nimesimama hapa tangu wewe unanyonya, sijaona mtu aliyekuja kunipima."

Yesenia akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nisikilize lakini. Kuanzia leo kipande ni kipande. Kilichoandikwa ukutani na kilichomo kwenye boksi viwe kitu kimoja. Mkaguzi akitukuta tumedanganya, kibarua changu kimeota nyasi."

"Mimi sijawahi kumdanganya mtu, binti. Nimempa zaidi."

"Hiyo zaidi ndiyo uongo wenyewe, mama."

Ozella akamtazama kwa jicho la pembeni, akarudi kwenye mafuta yake.

Wiki ya kwanza ilikuwa vicheko vitupu. Verna, msusi wa duka la jirani, alisoma namba za chakula chake cha kila siku akapiga yowe. "Elfu moja na mia nne! Kumbe ndiyo maana zipu haipandi! Mimi nilikuwa naisingizia mashine ya kufulia!" Watu wakacheka, naye akaagiza kile kile, ila akaomba soda isiyo na sukari ili dhamiri itulie. Vijana wa ujenzi wao walitafuta namba kubwa kuliko zote. "Tupe hiyo ya juu kabisa, mama. Pesa ile ile, kwa nini ninunue nguvu kidogo?" Alikuwapo na mama mmoja mnene aliyesimama mbele ya bao hadi midomo ikamtetemeka, akageuka akatoka bila kununua kitu. Wiki iliyofuata alirudi akaagiza bila kuinua macho. Baada ya miezi miwili hakuna aliyetazama tena. Anayeishi kando ya reli hasikii treni.

Isipokuwa Leotis.

Leotis alikuwa na miaka sitini na minane. Miaka thelathini na minne alifanya kazi chini ya ardhi, akikagua reli za treni za jiji. Alitembea gizani na kurunzi na kipimo, akipima nafasi kati ya reli na reli. Alizoea kusema kwamba kosa la unene wa kidole linaua watu mia, na kwamba reli haijali wewe ni mtu mwema au mbaya. Kanisani alikuwa shemasi. Watu walimwachia sadaka aihesabu peke yake, na hakuna aliyeihesabu tena baada yake.

Mkewe Corine alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na tangu hapo alikula mchana na jioni kwa dada yake, pale Kwa Shangazi Tilda. Kisukari alikuwa nacho siku nyingi. Majira ya baridi yaliyopita kilimla vidole viwili vya mguu wa kulia, na sasa kwenye kisigino cha mguu huo huo kulikuwa na kidonda kisichofunga. Mwezi wa tatu daktari wake, mwanamke kijana aitwaye Abruzzo, alimwambia bila kuzunguka. Sukari ishuke kabla ya majani kupukutika, mwezi wa kumi. Isiposhuka, mguu utakatwa chini ya goti.

Siku alipoliona bao jipya, Leotis alivaa miwani akaanza kusoma kutoka juu mpaka chini, mstari kwa mstari. Foleni ikaanza kunung'unika.

"Mzee, hiyo ni Biblia?" kijana mmoja akauliza.

"Ni kitabu walichokuwa wametuficha, mwanangu," Leotis akajibu. "Ngoja nikimalize."

Alipomaliza aliagiza kifua cha kuku wa kuchoma, bila ngozi, kalori mia na themanini. Na sukuma wiki, arobaini na tano. Na chai ya barafu bila sukari, sifuri. "Mia mbili ishirini na tano," akamwambia Yesenia, uso unang'aa kama mtu aliyeokota funguo zake. "Nipigie hiyo hiyo mchana na jioni, mpaka nitakaposema vinginevyo."

Oda ikafika jikoni. Ozella akakitazama kile kifua juu ya chuma. Kilikuwa cheupe, kimejikunja, kimekauka kama soli ya kiatu cha kanisani. Akatazama kwenye kidirisha cha kupitishia sahani akamwona kaka yake amekaa peke yake kwenye meza ya pembeni, ameweka leso mapajani, anasubiri. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni kuvuka mfereji wakienda shule. Amwekee kitu hiki mbele yake? Kilichopimwa kiwandani, kikafungwa kwenye nailoni, kikaandikwa namba?

Kesho yake alikuja na kichupa kwenye mfuko wa aproni. Ndani yake mlikuwa na siagi, asali ya miwa na mafuta yaliyochujwa kwenye shingo ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, kama alivyofanya mama yao Pasaka ikija. Akakipaka kifua kile kwa brashi mara mbili, kikang'aa, kikatoa harufu ya nyumbani. Tone jingine akalitia kwenye sukuma wiki. Kijiko kimoja tu, akajiambia. Kijiko kimoja kitamfanya nini mtu mzima?

Leotis alikula mpaka mwisho, akapanguza sahani, akaja hadi kidirishani.

"Zell! Kumbe kuku wa kuchoma ni mtamu hivi? Miaka yote hii nilikuwa mjinga wa nani?"

"Umeshiba, kaka?"

"Nimeshiba, na ni mia na themanini tu! Sheria hii imetoka kwa Mungu, nakwambia. Kesho nifanyie hivi hivi. Usibadilishe kitu."

Ozella akacheka mpaka machozi yakamlenga. Ilikuwa siku nyingi hajamwona ndugu yake na hamu ya kitu chochote. Na kwa kuwa alisifiwa, kijiko kimoja kikawa viwili, na viwili vikawa vitatu, mchana na jioni.

Leotis akawa mtu mpya. Alitembea mitaa kumi na miwili kila asubuhi na mkongojo wake. Viazi aliviacha, mkate akauacha. Pale mgahawani wakambatiza jina la Mzee Namba, maana alikuwa akimwona mtu anaagiza anamsogelea sikioni. "Tazama juu kwanza, ndugu yangu. Tazama juu." Verna alimwambia, "Shemasi, mimi nikitazama juu namwomba Mungu anipe mume, si kalori." Hata yeye alicheka. Jumapili moja akasimama kanisani kutoa ushuhuda, akasema ameacha vya kukaanga, anakula mia na themanini, na mwili unamtii. Kanisa zima likaitika amina. Ozella, aliyekaa kiti cha pili, aliitika pia, lakini ilitoka nusu.

Mwezi wa nane ikafika siku ya kliniki. "Twende wote," Leotis akamwambia. "Nataka uwepo nikisifiwa."

Alivaa suti. Daktari Abruzzo alifunua kidonda, akakitazama muda mrefu, akakifunika. Akafungua majibu ya damu.

"Bwana Pinckney, sukari yako iko juu kuliko ilivyokuwa mwezi wa tatu."

"Haiwezekani."

"Na kidonda kimechimbika zaidi. Naomba uniambie ukweli. Unakula nini?"

Leotis akamtajia chakula kwa chakula, namba kwa namba, kama mtu anayesoma kipimo cha reli. Daktari alisikiliza huku akiandika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na nje kulikuwa na foleni.

"Wagonjwa wangu wengi huniambia hivyo hivyo," akasema.

"Unaniita mwongo, daktari?"

"Sijasema hivyo. Nasema damu haijui kuficha."

Leotis akageuka kwa dada yake. Shingo ilikuwa imemvimba ndani ya kola. "Zell, mwambie. Wewe ndiye mpishi wangu. Mwambie ninachokula."

Hapo ndipo Ozella alipoelewa yote, kwa mara moja, kama mtu aliyewashiwa taa usoni. Akaona vijiko vitatu, mchana na jioni, siku baada ya siku, tangu mwezi wa tano. Akafungua mdomo.

"Anakula kuku wa kuchoma na sukuma wiki," akasema. "Kila siku."

Kila neno lilikuwa kweli.

Leotis alirudi naye mpaka kwenye ngazi za jengo lake. Hapo akashika chuma cha ngazi akasema, si kwake, kwa hewa tu, "Miaka thelathini na minne. Sijaandika kipimo cha uongo hata kimoja."

Kesho yake Ozella aliacha kichupa nyumbani. Kifua kikatoka jinsi kilivyotengenezwa kutoka. Leotis alitafuna kipande cha kwanza, akakiweka chini, akaja na sahani hadi kidirishani.

"Huyu siye kuku wa jana."

"Ni yule yule. Mia na themanini."

"Namba ni ile ile. Kuku siye." Akamkazia macho. "Zell, kuna kitu ulikuwa unaweka?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Angesema, angefokewa, pengine asingesemeshwa wiki nzima, na mambo yangeishia hapo. Lakini Ozella alikuwa na kiburi cha mtu ambaye maisha yake yote ametoa na hajawahi kuomba, na ulimwengu mzima haukuwa na mtu mwingine ila Leotis aliyemwona kuwa zaidi ya mama wa jikoni. Akasema, "Niweke nini? Labda jana ulikuwa na njaa zaidi."

Akajiambia, nitamwambia kesho.

Leotis alikula kuku mkavu siku tisa. Siku ya kumi, Ijumaa mchana, aliingia bila miwani, akapita moja kwa moja mpaka kwa Yesenia.

"Nipe mapaja matatu ya kukaanga. Na viazi vya mchuzi. Na mkate na siagi."

"Mzee Leotis," Yesenia akasema taratibu, "hiyo ni elfu moja mia sita na kumi."

"Kusoma najua, binti. Nimeshaitwa mwongo kwa mia na themanini. Bora niitwe mwongo nikiwa nimeshiba."

Foleni ikaangua kicheko. "Karibu kundini, shemasi!" Verna akapaza sauti. "Tulijua utarudi tu!"

Ozella aliyasikia yote. Koleo lilikuwa mkononi, mafuta yalikuwa yanachemka. Angeweza kuzima moto, akatoka, akasema mbele ya Verna na mbele ya wote, huyu mtu hakudanganya. Ni hatua sita kutoka jikoni mpaka kaunta. Akatumbukiza mapaja kwenye mafuta. Matatu. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita alihesabu, wala hakuzidisha.

Leotis alikula hivyo mwezi wa tisa wote na wa kumi wote. Matembezi akayaacha, na kliniki hakurudi. Ozella alimbembeleza, akamwambia mguu huo, kaka, mguu huo. Naye alimjibu, "Nimejaribu njia yao. Uliona mwenyewe." Ukimya ni kama deni la mla riba, kila siku ulizidi kuwa mzito kuulipa. Kuna asubuhi alifika mpaka mlangoni kwa kaka yake, akagonga, akafunguliwa, akauliza kama ana nguo za kufua.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja kisigino kikawa cheusi. Jirani aliisikia harufu kabla yeye mwenyewe hajakiri. Walimkata mguu siku ya Jumanne, siku ambayo mtaa mzima ulikuwa umepanga foleni kumpigia kura mtu mweusi awe rais. Leotis alimshuhudia mama yao akifukuzwa kwenye mlango wa kituo cha kura kwa sababu ya rangi yake, na maisha yake yote aliisubiri siku ile. Ilipopita, yeye alikuwa kwenye usingizi wa nusukaputi.

Siku ya tatu Ozella akavuta kiti karibu na kitanda.

"Leotis. Yule kuku nilikuwa namtia kitu."

Hakugeuza kichwa. "Kitu gani?"

"Asali ya miwa. Na siagi, na mafuta ya nguruwe. Ile ya mama."

"Kiasi gani?"

"Vijiko vitatu."

"Kwa siku?"

"Mchana vitatu. Jioni vitatu."

Midomo yake ikacheza bila sauti. Alikuwa anapiga hesabu. Alipomaliza alivuta pumzi ndefu.

"Mguu labda ungeondoka hata hivyo," akasema. "Hilo silijui, na wewe hulijui. Kwa hilo sikulaumu. Ulitaka nile vizuri."

Ozella akaanza kulia.

"Usilie, sijamaliza. Nilikugeukia mbele ya yule daktari. Nikakwambia, mwambie. Ukawa unajua."

"Pale pale ndipo nilipojua. Nikaona aibu."

"Aibu yako ukanivisha mimi. Nikaenda nayo mtaani. Nikala nayo. Nenda kamwambie."

"Nani?"

"Daktari. Nenda sasa hivi."

Akaenda. Daktari Abruzzo alikuwa jengo la pili, na msichana wa mapokezi alimwambia bila miadi haiwezekani. Ozella hakubishana, akasimama tu mlangoni mpaka mlango ulipofunguliwa. Alieleza yote akiwa amesimama wima, mkoba kifuani, na hakujipunguzia kitu.

Daktari akavua miwani. "Bi Pinckney, usijibebeshe mzigo huu peke yako. Kidonda kile kilikuwa kibaya tangu mwanzo. Mguu haukukatwa na kuku peke yake."

"Sijaja kutubu kwako, binti yangu. Nimekuja uandike."

"Niandike nini?"

"Mle kwenye mashine yako mmeandika kaka yangu hafuati masharti. Mmeandika au hamkuandika?"

Daktari akatazama kioo cha kompyuta. Mstari huo ulikuwapo.

"Basi andika kwamba alifuata."

"Alifuata mpaka Agosti," daktari akasema polepole. "Baada ya hapo..."

"Andika hivyo hivyo. Mpaka Agosti. Na uandike aliyevunja ni mpishi."

Daktari aliandika mstari mmoja. Ozella alisimama nyuma ya bega lake mpaka alipoona umeandikwa, akashukuru, akatoka.

Aliporudi wodini Leotis alikuwa ameinuliwa mto. Shuka lilikuwa limelala bapa pale ambapo mguu ungekuwapo.

"Ameandika," akasema Ozella.

"Ulimwona kwa macho?"

"Nilimwona. Ameandika ulifuata masharti, mpaka Agosti."

"Mpaka Agosti," Leotis akarudia, kama mtu anayeonja kitu asichokijua. "Ni sawa. Ndivyo ilivyokuwa."

Nje ya mlango magurudumu ya toroli la chakula cha mchana yalisikika yakija. Ozella akasimama, akachukua mkoba wake. Mlangoni akageuka.

"Kesho nije, kaka?"

"Njoo," Leotis akasema. "Usije na kitu."